Jimbo la Kamba za Nguo

Nchi yenyewe haiko jirani na kwenu, kwa hiyo tulieni, hakuna anayesemwa hapa. Ni nchi ya mbali, yenye bendera nzuri na barabara mbaya, na watu wake ni wapole kiasi kwamba ukiwauliza watampa nani kura, wanakujibu, "Wewe tu." Akija mpinzani wako kabla vumbi la gari lako halijatua, wanamjibu yeye, "Wewe tu." Wala si uongo huo. Huko wanauita ukarimu. Mtu kasimama mlangoni kwako, jua linamchoma utosini, utamvunjaje moyo?

Ukarimu huo ndio uliomfanya Zahoro Mwinchande akose raha.

Zahoro alikuwa Mkurugenzi wa Mipaka. Katika nchi hiyo mipaka ya majimbo huchorwa upya kila uchaguzi unapokaribia, kwa sababu, kama wakubwa wanavyoeleza, mpaka ukikaa mno mahali pamoja unaota kutu. Kalamu ya kuichora ilikuwa mkononi mwa Zahoro. Alikuwa mtu mwembamba, asiyeweza kukaa kitini mpaka chai ikapoa. Akikaa, goti linamcheza, akisimama, vidole. Mkewe, Bi Mwajabu, alizoea kumuuliza, "Baba Salha, umekalia siafu?"

Asubuhi moja aliitwa na Mheshimiwa Mwalami Pazi, mbunge wa Mtwangoni. Mheshimiwa alikuwa mtu wa sauti nene, ambaye hata akiomba chumvi mezani alianza na "Ndugu wananchi." Siku hiyo alikuwa akizunguka sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Yule mkunga anagombea," alisema.

"Mkunga gani, Mheshimiwa?"

"Mwanahawa Ndaro! Kastaafu, badala ya kutulia akalea wajukuu, ananifuata mimi. Nusu ya Mtwangoni imezaliwa mikononi mwake. Hata mwanangu wa mwisho kampokea yeye, na mimi nilisimama pale nje nikamshukuru, mjinga mimi!"

"Basi huenda watu wakampa kura, Mheshimiwa."

"Sikukuita unitabirie, Zahoro. Nimekuita uchore. Watu wangu wabaki Mtwangoni. Watu wake wapeleke Chumvini."

Chumvini lilikuwa jimbo la jirani. Huko chama kinachotawala, chenye rangi ya zambarau, kilikuwa na wafuasi wengi mno. Ukiwamwaga wapinzani huko ni kama kumwaga kikombe cha maji ya moto baharini, samaki hawashtuki.

"Ni kazi ndogo," Zahoro akasema. "Nionyeshe tu ni nani aliye wako."

"Wote ni wangu. Nimewauliza."

"Na mkunga je?"

"Naye kawauliza. Wote ni wake."

Wakatazamana. Mheshimiwa akatoa kitambaa, akajifuta shingo.

"Sikiliza. Nikianguka mimi, usidhani utaanguka pamoja nami. Wewe utatangulia, ili nipate pa kuangukia."

Zahoro akatoka na goti linamcheza hali anatembea. Nyumba aliyolala ilikuwa ya serikali. Kitanda kilikuwa cha serikali. Hata jogoo aliyemwamsha alikuwa na namba ya serikali mguuni. Ukimtoa kazini Zahoro, alikuwa anabaki na kalamu na suruali, na suruali yenyewe ilitakiwa kuchunguzwa kwanza.

*

Alijaribu kila njia. Alituma watu wakae vibarazani wasikilize. Wakarudi na habari za bei ya dagaa. Akaagiza waangaliwe wanaocheka Mheshimiwa anapotania mkutanoni. Walicheka wote, na waliocheka zaidi ni wale waliokaa mbali wasikosikia. Akataka kujua nani anahudhuria mikutano ya zambarau na nani ya mkunga. Ikaonekana wanahudhuria walewale, kwa sababu ngoma ya mikutano yote miwili ni moja, na mpigaji wake ana watoto wa kulisha.

Siku zikawa zinamkimbia. Mheshimiwa akawa anamtumia dereva kila asubuhi kuja kuuliza jambo moja tu: "Bado?"

Ndipo Zahoro akapanda juu ya tangi la maji la mji, apate upepo. Kutoka kule juu Mtwangoni yote ilikuwa chini yake, mabati na makuti, na nyuma ya kila nyumba kamba ya nguo. Akaona zambarau.

Miezi michache kabla, chama kiligawa kanga za zambarau nyumba kwa nyumba, doti moja kila mlango. Katikati ya kanga palikuwa na sura ya Mheshimiwa Mwalami Pazi akicheka, kubwa kama sinia, na chini yake maneno: TUNAYE MMOJA, WA NINI WA PILI. Sasa Zahoro alizitazama zikipepea. Nyumba hii ina zambarau, nyingine haina. Hii ina nne kwa mkupuo, ile ina taulo tu.

"Nani," alijiuliza, "atamfua mtu asiyempenda, amkamue, amwanike mbele ya majirani? Anayeianika anaonyesha mapenzi. Asiyeianika kaificha, na anayeficha ana lake jambo."

Hoja ilikuwa nzuri hata akaogopa asije mtu akaisikia. Akateremka mbio, akachukua darubini na karatasi, akapanda tena. Kuanzia siku hiyo ofisi ya mipaka ikahamia juu ya tangi. Nyumba yenye zambarau, ndani. Nyumba isiyo nayo, nje, Chumvini. Wapimaji wake walipanda na kushuka wakimletea chai, na chai ilifika imepoa, naye hakuiona.

Likazaliwa jimbo ambalo hata shetani angeuliza njia. Lilianzia sokoni, likaingia uchochoroni ubavu ubavu, likaruka mtaro, likakumbatia nyumba tatu, likaikwepa ya nne kama mtu anayemkwepa mdai, likajinyonga nyuma ya msikiti, likatokea kanisani, kisha likarudi lilikotoka kwa njia ya jikoni kwa watu. Lilifanana na jongoo aliyemeza mwavuli.

Mahali pamoja tu mkono ulisita. Ni nyumba ya mama mkwe wake, Bi Mwanakombo, kiongozi wa akina mama wa chama, aliyecheza kila mkutano wa zambarau mpaka magoti yakavimba. Zahoro aliitazama kamba yake asubuhi, akaitazama jioni, kesho yake akaitazama tena. Taulo na fulana ya mjukuu. Basi.

"Kumbe!" Zahoro alinong'ona. "Hata huyu?"

Sayansi haina mkwe. Akamweka nje.

*

Sheria ya nchi hiyo inataka wananchi watoe maoni kabla ramani haijatiwa sahihi. Ramani ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi na Mkuu wa Nchi mwenyewe, lakini maoni yalitakiwa vilevile, kwa heshima ya wananchi.

Watu wakajaa uwanja wa shule. Ramani ikatundikwa. Muuza mkaa mmoja akasimama.

"Ndugu Mkurugenzi, kwa mujibu wa hili dude, nyumba yangu iko Mtwangoni na choo changu kiko Chumvini. Nikiwa chooni, mbunge wangu nani?"

"Inategemea," Zahoro akajibu, "unakaa huko kwa kudumu au kwa muda."

"Kuna siku nakaa sana!"

Uwanja ukacheka. Zahoro akaandika: *Mwananchi ameridhika.*

Kisha akasimama Bi Mwanahawa Ndaro. Mwanamke mfupi, mikono mikubwa, miwani imefungwa kwa uzi. Akaisogelea ramani, akaifuata kwa kidole nyumba kwa nyumba, polepole, huku midomo ikimcheza kama anayetaja majina ya watu. Watu walitaka kusikia mkunga atakavyolia.

"Nani kaichora?" akauliza.

"Mimi, mama."

"Mkono wako mzuri, mwanangu. Mungu akuzidishie. Mimi sina pingamizi."

Akarudi kukaa, akafungua mfuko wake wa karanga.

Zahoro hakulala vizuri baada ya hapo. Adui akikutukana unajua umempata. Adui akikuombea dua, unajipapasa mfukoni.

*

Siku ya kulizindua jimbo jipya Mheshimiwa aliingia na tarumbeta na wapiga picha. Alivaa suti ya zambarau, akipunga mikono miwili. Zahoro alifuata nyuma na ramani, kwa sababu bila ramani hakuna aliyejua jimbo limepita wapi. Mara mbili tarumbeta ziliingia Chumvini zikarudishwa.

Wakafika uchochoro ambao Zahoro alijivunia kuliko yote. Kila nyumba, kila kamba, zambarau tupu. Sura za Mheshimiwa zilipepea zikicheka pande zote. Mheshimiwa akashika kifua.

"Ndugu wananchi," alisema, na machozi yalikuwa karibu, "sikujua!"

Mlangoni alisimama mwanamke kijana, jina lake Siwema, na mtoto mchanga kiunoni. Mtoto kafungwa zambarau.

"Nipe huyo!" Mheshimiwa akamtwaa, akamwinua juu. "Mnaona? Mpigakura wangu wa kesho! Hajaota jino, kavaa chama!"

Tarumbeta zikalia. Kamera zikawaka. Mheshimiwa akaendelea kucheka, na makalioni mwa mtoto ile sura nyingine nayo ikaendelea kucheka. Halafu moja kati ya hizo sura mbili ikaacha. Kitu cha vuguvugu kilikuwa kinamteremkia Mheshimiwa ndani ya mkono wa suti, taratibu, kikielekea kwapani.

"Ah, samahani Mheshimiwa, kakojoa. Lete nimbadilishe." Siwema akamchukua mtoto, akachomoa ile kanga, akaitupa kwenye beseni, sura juu, akaangua nyingine kambani.

Zahoro akaisogelea kamba.

"Dada," akauliza kwa sauti ndogo, "zote hizi za kambani... ni za mtoto?"

"Sasa za nani, kaka? Nepi bora kama hizi hujapata kuona. Ukizifua mara mbili tatu zinalainika, hazimchubui. Jirani yangu hana mtoto, kanipa zake. Mama Mkubwa kule kona naye kanipa."

"Hujaivaa wewe hata siku moja?"

"Niivae niende wapi?" Wanawake wa uchochoroni wakaangua kicheko. Siwema hakucheka. Alimfunga mtoto fundo, akamgeukia Mheshimiwa. "Ulituahidi wodi ya wazazi. Mimi huyu nimemzalia kwenye benchi la nje, mvua inanyesha, Bi Mwanahawa kanishika mkono. Wodi haikuja, zikaja kanga. Nasi tumezipa kazi."

Zahoro akageuza macho akautazama uchochoro wote, kamba kwa kamba. Chini ya kila zambarau palikuwa na mtoto, anayetambaa, anayelia, anayenyonya. Akakumbuka kidole cha mkunga kikipita juu ya ramani na midomo yake ikitaja majina. Yule mama alikuwa anawahesabu wanawake aliowazalisha.

*

Alifika nyumbani anahema. Bi Mwajabu alikuwa amekaa mkekani akipepeta mchele.

"Kanga ya Mheshimiwa iko wapi?"

"Ya zambarau? Sandukuni."

"Kwa nini hukuianika?"

"Niianike imelowa nini?" Bi Mwajabu akaweka ungo chini. "Kanga mpya haianikwi, baba Salha. Unaikunja, unaifukiza udi, unangoja harusi. Jua la hapa litaipausha wiki moja tu. Mama yangu yake kaitia ndani ya foronya, haigusi mtu. Anasema atakayeikojolea atamlaani."

"Kwa hiyo wanaoianika kila siku..."

"Ni wanaoichafua kila siku."

Zahoro akakaa sakafuni, akasimama, akakaa tena.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulipanda juu ya tangi ukaiuliza darubini."

*

"Badili ramani," Mheshimiwa aliamrisha. Alikuwa ameoga mara tatu.

"Haibadiliki, Mheshimiwa."

Kweli haikubadilika. Ilikuwa imekwisha kuchapwa nyuma ya madaftari ya shule na kwenye stempu. Tena Mkuu wa Nchi alikuwa amehutubia taifa akasema, "Watu hukosea. Ramani niliyoitia sahihi haikosei." Mtu mmoja wa kusini alikuwa amekwisha kutiwa jela kwa kuitundika juu chini.

Kwa kuwa ramani haiwezi kukosea, ikabidi watoto warekebishwe. Ikatoka Amri ya Heshima ya Kitambaa: ni marufuku kwa raia yeyote, wa umri wowote, kuikalia, kuilalia au kuilowesha sura ya kiongozi. Mgambo wakaingia Mtwangoni nyumba kwa nyumba, wanaume wazima wenye marungu, wakawa wanafunua watoto. Wengine walijifunza kunusa tu kutoka mlangoni. Kitoto kimoja kisichojua hata kukaa kilipelekwa mahakamani pamoja na ushahidi, na ushahidi uliwekwa mbali na hakimu, karibu na dirisha. Hakimu akakiuliza kama kinakubali kosa. Kikalia. Ikaandikwa kimekiri, kikaachiwa kwa dhamana ya bibi yake.

Bi Mwanahawa, ambaye zamani alikuwa na hotuba ndefu ya maji, wodi na barabara, akaikunja. Sasa alikuwa anasimama jukwaani, anavua miwani, anauliza, "Nani kamfunua mtoto wako?" Anavaa miwani, anashuka.

Zahoro akaona hapana, lazima wale wa zambarau wa kweli, waliotupwa nje, warudishwe ndani kwa njia yoyote. Uchochoro mmoja tu uliwatenga. Wakipanga vyumba ng'ambo ya pili, wanapiga kura Mtwangoni. Lakini ili kuwapata wote ilibidi ampate mmoja. Akaenda kwa mama mkwe, akasimama mlangoni, macho chini kama mila inavyotaka.

"Hodi, mama."

"Karibu, mgeni wa kutoka nchi za nje."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una pasi ya kuvukia huku?"

Zahoro akaeleza. Chumba kipo, kodi italipwa, godoro litabebwa na wapimaji wa serikali. Ni kuvuka uchochoro tu, mama, yeye na wenzake.

Bi Mwanakombo alimsikiliza mpaka mwisho huku akijikanda goti.

"Nimemchezea Mwalami Pazi," alisema, "mpaka nasali nimekaa. Wenzangu wawili wamekufa wakiwa na sare. Leo siku ya kumpa kura mnanitupa Chumvini kama maganda ya muhogo. Kisa? Kamba yangu haina kanga! Mwanaume mzima, umesoma, umepanda juu kuchungulia nguo za mkweo!"

"Yalikuwa makosa, mama."

"Basi nenda uwanjani useme hivyo. Sema, 'Mimi Zahoro nimekosea.' Sema, nami navuka leo hii, na kitanda changu kichwani."

Zahoro akafungua mdomo. Akaiona nyumba ya serikali, kitanda cha serikali. Akamwona yule mtu wa kusini.

"Siwezi, mama. Ramani haikosei."

"Ahaa. Kama haikosei, mimi ni mtu wa Chumvini. Kanywe chai kwenu."

*

Siku ya uchaguzi Mheshimiwa alipita milangoni asubuhi, akawauliza watu kwa mara ya mwisho. Wote walimjibu, "Wewe tu." Jioni alianguka kama embe bovu, bila hata kutikiswa. Huko Chumvini zambarau ilishinda kwa kishindo, kura za kina Bi Mwanakombo zikarundikana juu ya kura zilizokwisha kutosha, hazina kazi, kama chumvi ya pili kwenye mchuzi.

Zahoro akaanza kufunga mizigo. Kabla hajalala kwa mashaka hata siku tatu, gari la Ikulu likasimama mlangoni. Akatoka mikono mbele, tayari kwa pingu. Wakamwambia avae koti.

Ilikuwa hivi. Waangalizi wa uchaguzi kutoka ng'ambo walikuwa wameandika kwamba katika safari zao zote hawajapata kuona serikali inayochora mpaka kwa uangalifu namna ile dhidi ya nafsi yake. Waliisifu. Waliahidi msaada. Mkuu wa Nchi alifurahi hata akasahau kwamba chama chake kimepoteza Mtwangoni.

"Wapo wasemao tunachezea mipaka," alihutubia, viwanja vimejaa. "Tazameni! Tumejichorea wenyewe, tukajishinda wenyewe! Nani mwingine duniani anaweza?"

Akamvika Zahoro nishani.

"Mkuu," Zahoro akanong'ona, "kusema kweli ile ilikuwa..."

"Mnyenyekevu pia!" Mkuu akapaza sauti, na umati ukapiga makofi. Mwalami Pazi akateuliwa balozi katika nchi ambayo hawana uhusiano nayo, akaambiwa angoje uhusiano uanze.

Zahoro akabaki na kazi yake, nyumba yake, na mshahara ukaongezwa. Hata hivyo hakutulia. Wabunge wakimwona barabarani wanavuka upande wa pili. Wengine walimletea mbuzi, si wa kumwomba awachoree, bali wa kumwomba asiwachoree. Alikuwa akikaa ofisini anangoja mtu aingie aseme, "Tumegundua."

Aliyeingia ni Bi Mwanahawa Ndaro, sasa mbunge wa Mtwangoni.

"Nimekuja kwa habari ya mpaka, mwanangu."

Zahoro akashika kalamu upesi. Hii aliielewa. "Unataka nyumba zipi, Mheshimiwa?"

"Sitaki nyumba. Unaujua ule mtaro mkubwa? Toka tunazaliwa, Mtwangoni inaishia kwenye mtaro. Huku sisi, kule wao, hata mbuzi walijua. Urudishe hapo."

"Nikiurudisha pale, kina Bi Mwanakombo wanarudi kwako. Wale hawakupi kura hata uwazalishe upya."

Mkunga akacheka mpaka miwani ikateleza. "Wananitukana kila nikipita! Lakini mmoja wao mguu umeoza, kaenda kwa mbunge wa Chumvini, kaambiwa huko hawamjui. Akarudi kwangu, nami sheria inaniambia si mtu wangu. Sasa afe ni wa nani?"

"Na ukianguka uchaguzi ujao?"

"Nitaanguka. Mimi nimeona watu wengi wakianza maisha kwa kutanguliza kichwa. Hawakufa."

Alipotoka, Zahoro alikaa na karatasi nyeupe mbele yake. Miaka yote hiyo hakuwahi kuchora mstari bila kuambiwa ni wa nani. Aliiweka kalamu hapa, akaiinua. Akaiweka pale. Mkono ulitafuta nyumba ya kukumbatia na nyumba ya kukwepa, ukazikosa. Mwishowe akafunga macho, akaukumbuka mtaro ulivyo, harufu yake na kila kitu, akachora kutoka juu hadi chini. Ilimchukua muda wa kunywa kahawa. Alipofungua macho mstari ulikuwa pale, umenyooka, na alipoutazama moyo ulimdunda kama mwizi.

*

Kamati ya Bunge ikakutana kwa dharura, zambarau upande huu, wapinzani upande ule.

"Mkurugenzi," Mwenyekiti akauliza, "huu mstari unamsaidia nani?"

"Haumsaidii mtu, Mheshimiwa Mwenyekiti. Unafuata mtaro."

Minong'ono.

"Mtaro ni wa chama gani?"

"Ni mtaro wa maji machafu, Mheshimiwa."

"Tunajua ni wa maji machafu. Tumeuliza ni wa chama gani!"

Wakaitwaa ramani. Wakaigeuza juu chini, wakaimulika kwenye dirisha, wakaipima kwa rula. Zambarau wakasema hii ni hila ya wapinzani. Wapinzani wakasema hila safi namna hii haiwezi kuwa yao, wangejua. Kila mmoja aliupima mstari kutoka nyumbani kwake, na kila aliyeona hauko karibu naye akazidi kuogopa. Wakatoka nje, wakateta, wakarudi, na kwa mara ya kwanza tangu nchi hiyo ipate uhuru pande zote mbili zikakubaliana kwa kauli moja. Bi Mwanahawa alisimama akipinga kwa sauti kubwa. Ikaandikwa kwamba hakuhudhuria, ana homa.

"Mtu anayechora kwa hila," Mwenyekiti alisoma uamuzi, "tunamjua, na tunajua pa kumshika. Huyu anachora bila hila. Mtu wa hivyo nani atajua ana hila gani?"

Wakamvua nishani pale pale. Pini ilikuwa imekwama, wakaondoka na kipande cha koti.

Bi Mwajabu alimwona kwa mbali akija kwa miguu, koti limetoboka kifuani, akaacha alichokuwa akifanya.

"Wamekutoa?"

"Wamenitoa. Na nyumba wanaitaka."

"Kwa lipi tena, baba Salha? Umepindisha mpaka wa nani safari hii?"

"Sikuupindisha. Niliunyoosha."

Bi Mwajabu alimtazama kuanzia juu mpaka chini, kama mtu anayetazama mgonjwa aliyetoka kitandani bila ruhusa.

"Ule wa kupinda walikuvika dhahabu," alisema. "Huu wa kunyoosha ndio ungeniuliza kwanza." Kisha akaingia chumbani, na sauti yake ikatokea ndani. "Njoo basi ushike godoro upande huo. La kwetu ni lile jembamba."